Ushauri wa Bibi Shamba Una Thamani ya Shilingi Ngapi?

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa naandika taarifa ya kata na kuipeleka wilayani. Fomu iliuliza wakulima wangapi wametembelewa, mikutano mingapi imefanyika, mashamba darasa ni mangapi na yana ukubwa gani. Nilijaza kwa uaminifu, na wenzangu wa kata jirani walijaza vilevile. Katika miaka yote niliyokuwa bibi shamba mkoani Tabora, hakuna fomu iliyoniuliza mkulima niliyemshauri amebaki na shilingi ngapi ambazo asingekuwa nazo kama nisingefika kwake.

Nimestaafu, na swali hilo bado ninalo. Nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu namna linavyojibiwa, kwa sababu ushauri wa kilimo si wa bure hata kama mkulima haulipii mkononi. Mshahara wa afisa ugani, mafuta ya pikipiki, semina, mbegu za shamba darasa, vyote vinatoka kwenye kodi, na wakulima ni sehemu kubwa ya wanaoilipa. Halafu mkulima analipa mara ya pili pale anapoufuata ushauri wenyewe: ananunua mbolea, anaongeza palizi, anatoa siku zake. Akipata hasara hakuna ofisi itakayomrudishia.

Nianze na jambo nililolishika kwa mikono yangu, yaani dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa na wataalamu mwaka 1981, na watu wa huko wakampa jina la Scania. Kabla yake, familia nyingi zilihifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, darini au kwenye vihenge, na fukusi waliokuwepo waliwavumilia. Dumuzi ni wa namna nyingine. Hulipenda hindi lililo kwenye gunzi, maana punje zimeshikamana na anapata pa kujiegemeza anapotoboa. Anaacha unga mtupu. Vipimo vilivyofanyika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kwamba ndani ya miezi mitatu hadi sita ghalani, uzito uliopotea ulikuwa wastani wa karibu asilimia 9, na kwenye vihenge vilivyoshambuliwa vibaya zaidi ulipita asilimia 30.

Ushauri tuliotumwa kuupeleka vijijini ulikuwa mfupi: kausha, pukuchua mapema, changanya punje na dawa ya unga, kisha weka kwenye gunia au kihenge kilichosafishwa. Baadaye ilikuja dawa yenye viuatilifu viwili, kimoja cha kuua dumuzi na kingine cha kuua fukusi. Ulikuwa ushauri sahihi na ninausimamia mpaka leo. Lakini thamani yake ni shilingi ngapi?

Tuchukue mfano wenye namba rahisi. Kaya imevuna gunia kumi za kilo 100. Bila dawa ingepoteza asilimia 9, yaani kilo 90. Mwezi Julai, mavuno yakiwa yamejaa, kilo ya mahindi ni shilingi 400. Februari, vihenge vikiwa vitupu, ni shilingi 900. Ni bei ipi tutumie kuthamini zile kilo 90? Watu wengi hutumia ya Julai kwa sababu ndiyo iliyokuwepo siku ya kuhifadhi. Mimi nasema ni ya Februari, kwa kuwa hapo ndipo kaya ingelazimika kwenda sokoni kununua kilichoharibika. Kilo 90 kwa shilingi 900 ni shilingi 81,000. Tukitoa dawa ya shilingi 30,000 na vibarua wa kupukuchua wa shilingi 24,000, zinabaki shilingi 27,000. Hiyo ndiyo thamani ya ushauri kwa kaya ile, tukichukulia kwamba dawa imezuia hasara yote.

Sasa nenda nyumba ya pili ambako dumuzi wamejaa na hasara ingekuwa asilimia 30. Hesabu ileile inaacha shilingi 216,000. Nenda nyumba ya tatu, kwa mtu anayeuza mahindi yote Julai hiyohiyo ili alipe ada na madeni. Kwake dumuzi hapati nafasi ya kula, na akitufuata anapoteza shilingi 54,000 bila kuokoa hata kilo moja. Kijiji ni kimoja, dawa ni moja, bibi shamba ni mmoja, na thamani ya ushauri ni tatu tofauti. Ndiyo maana sipendi kuona wastani peke yake kwenye taarifa. Nataka kujua ni nani ndani ya huo wastani.

Kuna kitu kingine katika hesabu hiyo ambacho hupotea kwa urahisi. Shilingi 24,000 za kupukuchua, kwa kaya nyingi, hazitolewi kwa kibarua. Kazi inafanywa na mama na watoto, na kwa kuwa hakuna hela iliyotoka mfukoni, mpimaji anaandika sifuri. Mama mmoja aliwahi kuniambia mbele ya mkutano, "Bibi shamba, dawa yako nzuri, ila mikono ya kupukuchua gunia kumi kwa wiki moja umeileta?" Alikuwa anataja gharama halisi. Wiki hiyo angeweza kuwa anavuna karanga zake, au anapanda mboga bondeni. Hata hivyo haki itendeke upande wa pili pia: mahindi yangepukuchuliwa siku moja au nyingine, kidogo kidogo, kadiri yanavyohitajika jikoni. Kwa hiyo gharama ya ushauri ni ule usumbufu wa kuifanya kazi yote kwa mkupuo, wala haistahili kubebeshwa kazi nzima.

Huo ulikuwa upande mwepesi, kwa kuwa tulidhani tunajua hasara ingekuwa kiasi gani bila sisi. Ugumu wenyewe unaanzia hapo. Mkulima hawezi kuishi msimu mmoja mara mbili, mara moja akiwa na ushauri na mara nyingine bila ushauri. Ni lazima umlinganishe na mtu mwingine. Na afisa ugani yeyote aliyepanda baiskeli anajua wale anaowafikia ni akina nani: walio karibu na barabara, wenye eka nyingi kidogo, wanaopenda kuuliza, wenye hela ya kununua mbegu ya dukani. Ukiwaweka hao mbele ya wasiotembelewa, ukakuta wamevuna zaidi, umepima nini? Huenda umepima barabara.

Kenya walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1982 walianza kujaribu mfumo wa Mafunzo na Ziara uliobuniwa na Daniel Benor na kusambazwa na Benki ya Dunia katika nchi nyingi. Afisa alipewa mafunzo kwa ratiba, kisha akawatembelea wakulima wachache waliochaguliwa kila baada ya wiki mbili, nao wawafundishe majirani. Mradi wa kitaifa ulifuata mwaka 1983, na wa pili mwaka 1991. Wachumi Vishva Bindlish na Robert Evenson walipofanya hesabu walipata faida ya ajabu, kiasi cha asilimia 350 kwa fedha iliyowekezwa. Taarifa hiyo ilisomwa na wengi na ilisaidia kuutetea mfumo.

Baadaye Madhur Gautam na Jock Anderson walizirudia takwimu hizo. Walitazama jambo moja ambalo mkulima yeyote wa Kenya angewaambia: Kenya si udongo mmoja wala mvua moja. Wilaya zenye rutuba na masoko zilikuwa na maafisa wengi na mavuno mengi kwa wakati mmoja. Tofauti za wilaya zilipoingizwa kwenye hesabu, faida ile ikawa haionekani tena kwa uhakika. Mwaka 2000 kitengo cha tathmini cha Benki ya Dunia yenyewe kilitoa ripoti iliyosema kwamba mfumo ule haukuwa umethibitika kuinua tija. Wapimaji walikwenda mbali zaidi wakawauliza wakulima wangekuwa tayari kulipia huduma ile kiasi gani. Kiasi walichotaja kilikuwa chini ya gharama ya kuitoa.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema maafisa ugani waondolewe. Mimi nasoma kitu kingine. Mkulima aliyetembelewa kila wiki mbili akiambiwa maneno yaleyale anayoyajua hana sababu ya kuyalipia. Anacholipia ni jibu la tatizo alilonalo wiki hii. Kipimo kilichofanywa vizuri kilikuwa kinasema tatizo liko kwenye ujumbe na ratiba, na kama kingefanyika mapema, miaka mingi ya mishahara ingetumika vizuri zaidi.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika jambo hili ilifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Wakulima walichaguliwa kwa bahati nasibu, na hilo ndilo linaloziba ule mwanya wa barabara na utajiri. Katika shamba la kila mmoja walipima vipande vidogo vya mita za mraba 30, kimoja jirani na kingine. Kipande kimoja kililimwa kama kawaida ya mwenyewe. Kingine kiliwekewa mbolea ya kukuzia aina ya CAN mahindi yalipofika magotini. Kingine kilipewa kifurushi kamili kilichopendekezwa na wizara: mbegu chotara, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia.

Tukiangalia mavuno peke yake, wizara ilishinda. Kifurushi kamili kiliongeza mavuno kwa asilimia 91. Kijiko kizima cha chai cha CAN kwa kila shimo kiliongeza asilimia 63, na nusu kijiko asilimia 48. Afisa yeyote mwenye fomu ya gunia kwa eka angeandika kwamba kifurushi ndicho bora. Lakini walipotoa gharama, mpangilio uligeuka juu chini. Nusu kijiko kilirudisha fedha yote na faida ya asilimia 36 kwa msimu mmoja. Kijiko kizima kiliongeza mahindi lakini hayakutosha kulipia mbolea iliyozidi. Na kile kifurushi cha wizara, kwa mkulima wa kawaida wa Busia, kilikuwa hasara.

Soma tena aya hiyo kama wewe ni mkulima uliyewahi kuitwa mbishi kwa sababu hukufuata maelekezo yote. Wakulima wa Busia waliokuwa wanakikataa kifurushi walikuwa wanapiga hesabu sahihi kwa mfuko wao. Hata hivyo wengi wao walikuwa hawatumii mbolea kabisa, na hapo ndipo ushauri mwingine, mdogo na wa bei ndogo, ungewafaa: nusu kijiko, mahindi yakifika magotini. Thamani ya ushauri imo katika kuupata huo ujumbe mdogo. Haupatikani bila mizani na daftari la gharama.

Shamba darasa nalo limepimwa. Njia hiyo ilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, wakulima wakikaa pamoja msimu mzima kuchunguza wadudu na afya ya mimea, kisha ikaja kwetu. Utafiti wa Kristin Davis na wenzake uliotolewa mwaka 2012 uliangalia Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja na kukuta kipato cha washiriki kimepanda kwa asilimia 61. Uganda peke yake mabadiliko hayakuwa dhahiri. Kilichonifurahisha ni kwamba wanawake na watu wenye elimu ndogo ya darasani walinufaika, na hao ndio ratiba ya ziara huwaruka.

Ujumbe wa simu nao usidharauliwe. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019 ukikusanya majaribio ya nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ulionyesha mavuno yakipanda kwa asilimia 4 tu. Ni kidogo. Ila kutuma ujumbe ni rahisi mno kiasi kwamba faida ilikadiriwa kuwa mara kumi ya gharama. Tahadhari yangu inatoka kwa wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya: jaribio la kwanza la kuwatumia ujumbe wa simu liliongeza mavuno, la pili likafanyika kwa wakulima wengine na ongezeko halikuonekana. Jaribio moja lisitufanye tupige vigelegele.

Sasa niseme juu ya thamani ambayo hakuna mizani inayoiona. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walithibitishwa Tanzania, na hofu iliyoingia vijijini naikumbuka vizuri. Watu walikuwa wananyunyizia dawa juu ya majani yaliyotoboka, wakati kiwavi mkubwa amekwisha kujificha ndani ya moyo wa muhindi na kuziba njia kwa kinyesi chake, dawa haimfikii. Muhindi mchanga uliotobolewa majani mara nyingi hupona na kuzaa. Kwa hiyo ushauri bora kwa mashamba mengi ulikuwa: kagua shamba asubuhi, kama mashina yaliyoshambuliwa na viwavi wadogo ni machache usinunue kitu, wapondeponde kwa vidole. Mkulima aliyetii alivuna gunia zilezile ambazo angevuna akinyunyizia. Fomu ingeandika ongezeko la mavuno sifuri. Mfukoni mwake zilibaki fedha za dawa ya mara mbili au tatu, na mapafu yake yalibaki salama. Ushauri wa "usinunue" ndio wenye faida ya haraka kuliko wote, na duka la pembejeo haliwezi kuutoa.

Vipimo vyenyewe pia vina mitego. Gunia kwetu ni kipimo kinachotanuka. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inajulikana kila gulio. Mkulima akikwambia mwaka jana alipata gunia nane na mwaka huu saba, huenda mwaka huu amevuna zaidi. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda ulilinganisha mavuno ya mahindi yaliyotajwa kwa mdomo na yaliyokatwa na kupimwa shambani, ukakuta yaliyotajwa ni makubwa kuliko yaliyopimwa. Ukubwa wa shamba nao hukosewa: eneo dogo hutajwa kubwa kuliko lilivyo, na eneo kubwa hutajwa dogo.

Na kuna suala la bei, ambalo wakulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, hawahitaji kufundishwa. Kila mmoja akifuata ushauri mzuri na wote wakavuna wiki moja, tenga linashuka bei na faida inahamia kwa mlaji wa Dar es Salaam. Taifa limefaidika, mlaji amekula nyanya za bei nafuu, lakini mkulima wa Ilula anaweza kuwa amerudi nyuma. Jirani aliyeiga bila kufundishwa naye anaharibu hesabu, maana unamweka kwenye kundi la wasioshauriwa kumbe ushauri umemfikia juu ya ua. Ndiyo maana wapimaji makini hulinganisha kijiji na kijiji.

Aprili 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani. Nilifurahi kama mtu aliyesukuma baiskeli kwenye mchanga wa Tabora anavyoweza kufurahi. Pikipiki inamfikisha afisa shambani. Kilichobaki ni kujua akiondoka ameacha nini, na hilo haliwezekani kwa fomu ya idadi ya wakulima waliotembelewa. Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri na wizara ni kuongeza mambo matatu kwenye taarifa ya kata kwa wakulima wachache tu, waliochaguliwa kwa bahati nasibu: mavuno yaliyopimwa kwa mizani, gharama zote pamoja na siku za kazi za familia, na bei ya siku ambayo mazao yaliuzwa au kuliwa. Kata moja ikifanya hivyo kwa kaya ishirini kila msimu, kwa miaka michache wilaya itajua ni ushauri upi wa kuendelea nao na upi wa kuuacha.

Nawe mkulima usisubiri fomu ibadilike. Msimu ujao ukiletewa ushauri mpya, acha mistari mitano katikati ya shamba ulime kama ulivyozoea, na mistari mitano ya jirani yake ufuate ushauri. Pima kwa mizani moja. Andika ulichonunua na siku ulizotumia kila upande. Kisha mpelekee bibi shamba au bwana shamba wako hiyo karatasi na umtake aisome mbele yako, hata kama inaonyesha kwamba alichokushauri hakikulipa.